Miaka 14 ya kuchomelea na kipande kimoja kilichopasuka

Juu ya mlango wa karakana yangu hapa Pasua, Moshi, kuna kipande cha chuma kimening'inia kwa waya wa kufungia nondo. Unene wake ni milimita 10, upana vidole viwili, na kimekunjwa mpaka ncha zake mbili zinatazamana. Katikati ya mkunjo, pale ulipopita mshono, pana ufa ambao ukucha wa kidole gumba unaingia. Wateja huuliza ni cha nini. Mwenye nafasi namsimulia, mwenye haraka namwambia tutaongea siku ya kuja kuchukua geti. Wenye haraka wamekuwa wengi, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Nilianza kazi hii mwaka 2010 nikiwa na miaka 22. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na kibanda Majengo, na mashine yake ilikuwa ya kienyeji: koili zimesukwa kwa mkono kwa waya wa shaba, zimefungiwa kwenye boksi la bati lenye matundu. Tukiiwasha, taa za nyumba ya jirani zilikuwa zinafifia na redio yake inakoroma. Mwaka mzima wa kwanza sikushika kijiti, yaani ule waya mgumu uliopakwa unga unaoyeyuka kuunga vyuma. Nilikuwa mtu wa kushikilia engo, vile vyuma vyenye umbo la L, kugonga gamba jeusi linalobaki juu ya mshono, kupiga brashi ya waya na kupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Mwaka wa pili akaniruhusu kutaki, yaani kushikiza vyuma kwa vidoa vidogo kabla ya mshono wenyewe. Wa tatu nikawa fundi.

Mjomba alikuwa fundi kwelikweli na sitaki mtu asome hapa akadhani namdharau. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Alikuwa anasema chuma kinaongea: umeme ukiwa sawa na mkono ukiwa sawa, utasikia sauti ya maandazi yanapoingia kwenye mafuta ya moto, mfululizo, bila kukatika. Ukisikia kupasuka-pasuka, umeinua kijiti mbali. Ukisikia kama kimezama na kunyamaza, umekibana. Mpaka leo sijapata mwalimu aliyeniambia jambo la kweli kuliko hilo. Alinifundisha pia kwamba mshono ukipoa hujivuta, kwa hiyo geti ulitaki lote kwanza, kisha uchomelee kona moja, uvuke uende kona ya mkabala, usimalize upande mmoja wote kwa pupa, la sivyo geti litapinda kama jani la mgomba lililonyauka.

Miwani yetu ya kuchomelea ilikuwa miwani ya jua, ya kununua kwa wamachinga pale Memorial. Hilo liweke akilini, nitalirudia.

Kwa miaka 14 nimetengeneza mageti, grili za madirisha, ngazi za nje, vitanda vya bweni, matoroli, stendi za matenki ya maji. Mishono yangu ilisifiwa. Inapendeza, imejipanga kama magamba ya samaki, na baada ya kupigwa grainda na rangi huwezi kuona chuma kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Nilijua mimi ni fundi mzuri. Nilikuwa nimeambiwa hivyo na watu wengi.

Halafu zikaja habari za bomba la mafuta ghafi, lile linalotoka Kabaale, Hoima, kule Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu. Bomba la inchi 24. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba linavishwa koti la kuhifadhi joto na kupashwa njia nzima. Sasa fikiria: kila bomba linaungwa na mwenzake kwa kuchomelewa, duara zima, na kila mshono lazima uaminike. Vijiweni Moshi kila fundi alikuwa anaongelea hilo. Mimi sikuomba kazi kwenye bomba lenyewe. Nilisikia kampuni moja ya kujenga matenki inatafuta wachomeleaji huko huko Tanga, nikafunga safari.

Hawakuniuliza nimefanya kazi miaka mingapi. Waliniuliza cheti, nikasema sina, wakasema basi fanya jaribio. Nikapewa vipande viwili vya bamba, vimenolewa kingo ili vikikutanishwa vifanye mfereji wa umbo la V, vimesimamishwa wima. Nilimaliza wa kwanza kati ya watu sita. Mshono wangu ulikuwa mzuri kuliko yote, na nasema hivyo bila kuongeza kitu, hata wenzangu walikuja kuutazama. Mkaguzi, mtu wa makamo, mtaratibu, akaukatakata vipande vyembamba, akausaga ukawa sawa na bamba, akaweka kipande kwenye mashine yenye jeki ya mafuta, akaanza kupampu. Chuma kikakunjika. Kikakunjika tena. Kikatoa sauti ndogo, tap, kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti.

Akakitoa, akapima ufa kwa kipimo chake. Ukizidi milimita 3 umeanguka. Wangu ulikuwa unapita upande hadi upande. Ndani ya ufa mlikuwa na mstari mweusi: gamba, limefukiwa humo, chini kabisa ya mshono wangu mzuri. Akanipa kile kipande mkononi kikiwa bado na vuguvugu, akasema, "Fundi, mkono unao. Ila chini hujashika." Basi.

Nilikiweka kwenye begi. Basi likapita Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, na mimi nimekipakata. Sikuwa nalia kazi ile. Nilikuwa nahesabu. Kama hiki nilichokifanya kwa uangalifu wote, huku natazamwa, ndani yake ni hivi, je, vile nilivyovifanya saa kumi na mbili jioni huku mteja anapiga simu?

Nikajiandikisha chuo cha ufundi stadi, kozi ya jioni. Hela ya mageti mawili ikaishia kwenye karo, na mama watoto akakubali tukae na televisheni mbovu kwa muda zaidi. Darasani tulikuwa 17. Mimi pekee nilikuwa nimevuka miaka 30. Wengine wengi ndio kwanza wametoka kidato cha nne. Wakaniita Meku tangu siku ya pili, na niliitika, maana waliniita kwa heshima, kama tunavyowaita wazee nyumbani Kibosho. Mwalimu wetu alikuwa dada mmoja, kwa umri namzidi miaka kama mitano. Wote tulimwita Madamu, na mimi pia.

Wiki ya kwanza hakuna aliyewasha mashine. Tulipiga tupa. Unafunga kipande kwenye jiliwa la kubania, unakipiga tupa mpaka ukiweka guni, kile kipimo cha pembe mraba, pasipite mwanga. Vijana walinung'unika, mimi nilinyamaza lakini moyoni nilikuwa najiuliza nimelipia nini. Wiki ya pili Madamu akatuambia kila mmoja aunge vyuma viwili kwa kona, upande mmoja tu, kisha akatupa nyundo kubwa akasema, "Sasa vunjeni."

Sikuwahi kuvunja mshono wangu mwenyewe. Katika miaka yote ile sikuwahi. Ulivunjika kwa pigo la tatu. Ukafunguka kama ganda la njugu na ndani, pale kwenye pembe ambapo vyuma viwili vilitakiwa viwe kimoja, kulikuwa na ile engo kama ilivyotoka dukani, na makali yake, haijayeyuka hata kidogo. Chuma nilichokimimina kilikuwa kimekaa juu yake kama uji juu ya sufuria iliyopoa.

Madamu akaja, akaangalia, akaniuliza swali ambalo ndilo kiini cha haya yote. "Fundi, ukichomelea unaangalia nini?"

Nikasema naangalia moto. Mwanga.

Akasema, "Mwanga haukuambii kitu. Angalia dimbwi."

Akanivalisha kofia ya kuchomelea yenye kioo namba 10, akasimama nyuma yangu na ya kwake, akasema nianze, nisikimbize mkono, nisifanye kitu kingine chochote ila kutazama. Na kwa mara ya kwanza, baada ya miaka 14, nikaona. Nyuma tu ya ncha ya kijiti kuna kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, kidogo kama punje ya hindi, kinang'aa, kina ukingo. Nyuma yake linafuata gamba, lina rangi tofauti, lina mnato kidogo, linaogelea. Ukienda vizuri, dimbwi linatangulia na gamba linafuata. Ukikosea pembe ya kijiti au ukiwa na umeme mdogo, gamba linalipita dimbwi, linaingia mbele kwenye pembe, na wewe unalifunika kwa chuma. Linabaki humo milele. Ule mstari mweusi wa Tanga niliuona ukizaliwa mbele ya macho yangu.

Nilizima mashine nikakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua miaka yote hiyo. Kwa miwani ya jua huwezi kuona dimbwi. Unaona jua dogo linakutoboa, unakwepesha jicho, unakwenda kwa kukisia na kwa sauti. Tunaambiwa kofia ni ya usalama, na mafundi wa mtaani tunaona usalama ni habari ya matajiri na makampuni. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kofia ndiyo jicho. Kwamba fundi asiye na kioo sahihi haoni anachokifanya, hata awe na mkono wa dhahabu. Ningeambiwa hivyo mwaka 2010 ningeuza viatu ninunue kofia.

Na gharama ya macho tulikuwa tunailipa kila wiki. Fundi yeyote anaujua usiku ule. Umechomelea mchana vizuri tu, umekula, umelala, saa sita usiku unaamka kama mtu amekumwagia mchanga machoni. Machozi yanatiririka, mwanga wa simu unachoma kama pilipili. Marehemu bibi alikuwa ananikatia viazi mviringo ananibandika juu ya kope. Wengine hukamuliwa maziwa ya mama anayenyonyesha. Madamu alitueleza kwamba ule ni mwako wa urujuanimno, miale ile ile ya jua inayobabua ngozi, ila huku iko hatua moja kutoka usoni, nayo imebabua ngozi nyembamba ya mbele ya jicho. Ndiyo maana maumivu huja saa sita au kumi na mbili baadaye, kama vile ngozi isivyouma papo hapo ukiungua na jua. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo kiazi tunakipa sifa isiyo yake, na kiazi kikiwa kichafu kinaweza kuongeza uambukizo juu ya jeraha. Ukipatwa, kaa gizani, nenda kliniki ya macho, usiweke kitu cha jikoni.

Kuna jingine ambalo lilinigusa zaidi, kwa sababu lilinila hela. Miaka ya nyuma kila nilipochukua kazi ya mabomba meupe, yale yaliyopakwa zinki yasishike kutu, nilikuwa naumwa jioni yake. Kutetemeka, kiu, jasho, kinywani ladha kama nimelamba sarafu. Asubuhi napata nafuu. Nilikuwa naenda kupima malaria, naambiwa sina, napewa dawa za maumivu narudi. Nadhani nimepima hivyo mara nane au tisa. Darasani nikajifunza kwamba zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907, na chuma huyeyuka karibu na 1,500. Maana yake, kabla dimbwi halijatulia, zinki imeshageuka moshi mweupe na umeshauvuta. Homa ile ina jina lake kwa madaktari, ni homa ya moshi wa metali. Glasi ya maziwa tunayokunywa kabla ya kazi haiizuii, maana moshi unaingia mapafuni na maziwa yanaingia tumboni. Kinachosaidia ni kusaga zinki kwa grainda vidole viwili kila upande wa kiungo, na barakoa ya kuchuja vumbi wakati huo, kisha kufanyia kazi nje na upepo ukitokea ubavuni. Homa ukiipata kapime malaria vilevile, huku kwetu usidharau homa, ila mwambie daktari ulikuwa unachomelea nini.

Vijiti. Huku mtaani tunanunua kwa kilo au hata kwa idadi, tunavitia kwenye kopo la rangi, mvua za masika zikinyesha vinanyonya unyevu, tunavianika juani. Sikuwahi kusoma namba iliyoandikwa ubavuni. Tuliyozoea ni 6013. Sasa najua 60 ni nguvu: paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, ambayo kwa hesabu yetu ni kama kilo 42 kwa kila milimita ya mraba kabla mshono haujakatika. Ile 1 inamaanisha kinafaa mikao yote, hata juu ya kichwa. Ya mwisho inaeleza unga uliopakwa na umeme unaoutaka. Ule unga tunaoudharau ndio unaoungua na kutoa hewa ya kulikinga dimbwi, ya kuizuia oksijeni na naitrojeni isiingie kwenye chuma kikiwa maji. Gamba nalo ni blanketi.

Kwa kazi za kubeba mzigo mzito kuna 7018. Hicho hakitaki unyevu kabisa. Maji yaliyomo kwenye unga hupasuliwa na moto, haidrojeni inaingia kwenye chuma, na mshono unaweza kupata ufa saa nyingi baada ya wewe kukunja vyombo na kwenda nyumbani. Chuoni vilikuwa vinakaa kwenye oveni ndogo, na vikishapata unyevu vinaokwa upya kwa nyuzijoto mia tatu na kitu. Nikajaribu kuoka 6013 zangu hivyo hivyo nikaziharibu. Unga wake unahitaji kubaki na unyevu kidogo. Madamu alinitazama tu, akaniambia nisome karatasi ya kwenye boksi.

Kuhusu maji. Mteja ana haraka, pikipiki inamsubiri, mshono ni mwekundu, fundi anamwagia maji ili mtu abebe. Nimefanya hivyo mara zisizo na idadi, hata kwa springi za magari, na springi zikirudi zimekatika sentimita moja pembeni ya mshono nilikuwa nalaumu barabara. Springi ina kaboni nyingi. Ukiipoza ghafla, sehemu iliyo jirani na mshono inakuwa ngumu kama kioo, na kama kioo inavunjika. Siku tuliyofundishwa hili nilimkumbuka babu yangu. Alikuwa na panga alilonunua kwa wahunzi wa Mamba, wale waliosifika uchagani kote kwa kufua chuma, na alipenda kutusimulia alivyowatazama: mhunzi akitaka makali hukitumbukiza chuma majini, akitaka kisivunjike hukifukia kwenye majivu kipoe chenyewe polepole. Nilikuwa mtoto, nimekaa jikoni karibu na moto, nimeyasikia yote hayo. Siku hizi nina ndoo ya majivu karakanani.

Nisiwachoshe na kila somo. Tulipanda mkao kwa mkao: bapa, ubavu, wima, juu ya kichwa. Vitabuni wanaiita 1G hadi 4G kwa bamba, na kwa mabomba kuna 5G, na 6G ambapo bomba limelazwa kwa nyuzi 45 na haliruhusiwi kuzungushwa, wewe ndiye unayezunguka. Kwenye juu ya kichwa cheche ziliniingia shingoni mpaka nikajifunza kufunga kola. Kijana mmoja wa Arusha Chini, ambaye baba yake amefanya kazi kwenye mashamba ya miwa, alikuwa anataka aingie kwenye matengenezo ya kiwanda cha sukari, kwa sababu alisema roli za kukamulia miwa zinalika meno na mchomeleaji ndiye anayeziotesha upya kwa vijiti vigumu. Mwingine alikuwa na ndoto ya kwenda Arusha mjini kwenye gereji zinazokata paa za Land Cruiser na kurefusha chesisi kwa ajili ya watalii. Huyo alikuwa na mkono mtulivu kuliko wote, na nilikuwa namkalisha karibu yangu kwenye vitendo ili nimwibie. Yeye naye aliniambia ananiibia masikio: aliposikia mashine yangu alijua arekebishe ampea zake, yaani kiasi cha umeme, ziwe ngapi.

Mwishoni mwa kozi bamba langu la wima lilikunjwa mbele yangu. Nilishindwa kutazama, nilitazama mikono ya Madamu ikipampu. Halikulia. Lilikunjika likawa U, mshono umenyooshwa nje ya mkunjo, laini, bila ufa hata wa unywele. Akanipa, akasema, "Hiki nacho kakitundike." Sikukitundika, nilimpa mjomba, ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri. Alikipapasa muda mrefu kwa kidole pale kwenye mkunjo.

Bomba la 6G bado. Nalifanyia mazoezi kila jioni kwa vipande vya bomba chakavu, na jaribio nitalirudia.

Lakini kulikuwa na ile hesabu niliyoianza kwenye basi. Kazi ya kwanza iliyonijia kichwani, tangu pale Mwanga, ilikuwa stendi ya tenki niliyomjengea mama mmoja jirani yetu wa mtaa wa pili. Tenki la lita 2,000. Likijaa ni tani mbili za maji, mita tatu juu ya ardhi, na chini ya kivuli chake ndipo anapokaangia vitumbua asubuhi, na wajukuu wanachezea hapo.

Nilikwenda Jumamosi moja na nyundo ndogo na grainda. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha chai. Nikamwambia nimekuja kukagua kazi yangu.

"Ina nini tena, mwanangu? Si ulimaliza miaka minne sasa?"

"Nilimaliza, mama. Ila nataka nifungue kona moja niangalie."

Nikasaga kona moja ya juu, pale mhimili unapokutana na mguu. Rangi ikatoka, mshono ukatoka, na kabla sijafika hata nusu ya unene, uzi mweusi ukajitokeza. Nikafungua ya pili. Vilevile. Nikashuka nikamwambia tenki lazima limwagwe leo na asikae chini yake mpaka nimalize.

Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pesa ilipo katika maneno yangu. Akasema, "Sina hela ya kukupa."

"Mama, sikuja kuchukua hela. Hii ni yangu. Nilikukabidhi ikiwa haijaisha."

Hakujibu. Aliingia ndani akatoka na ndoo tatu, akamtuma mjukuu nyumba za jirani, na baada ya dakika kumi uani kulijaa wanawake na watoto wenye madumu na mabeseni, kila mtu anakinga. Maji yale hayakumwagika chini hata kikombe. Tenki lilipokuwa jepesi vijana wanne wakalishusha.

Kulikuwa na kona 16. Nilifungua zote, tisa zilikuwa na gamba ndani. Nilisaga mpaka chuma kikang'aa, nikaegemeza miguu kwa magogo, nikachomelea upya kwa vijiti vikavu nilivyovibeba kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, nikaongeza vibamba vya pembetatu kwenye kila kona ya juu. Niliacha kila mshono upoe wenyewe. Yule mama alileta kiti akakaa mbali, nilimwomba asitazame moto, akageuza kiti akanipa mgongo, akawa anaongea nami hivyo hivyo hadi jua likazama.

Usiku maji yalipotoka tulilijaza. Nililala palepale uani, kwenye jamvi, upande wa pili wa nyumba, nikisikiliza. Alfajiri aliniamsha kwa chai na vitumbua, akaniuliza kama sasa anaweza kurudisha jiko lake mahali pake. Nikapanda ngazi, nikapiga tochi kona zote 16, moja moja, nikashuka nikamwambia ndiyo.

Kwenye daftari nimeandika kazi nyingine 11 ninazozikumbuka za namna ile, zinazobeba mzigo au zinazopita juu ya vichwa vya watu. Ya pili ni ngazi ya nje ya gorofa moja kule Kiboriloni. Nimeshaongea na mwenye nyumba, Jumamosi naenda.